Tubaki au Tuhame? Mjadala wa Mavizio ya Kulungu

Wiki ya mwisho ya Novemba jimbo la Pennsylvania, Marekani, hubadilika rangi. Vituo vya mafuta hujaa watu waliovaa fulana za rangi ya chungwa, kama sheria inavyowataka ili mwindaji asimdhanie mwenzake kuwa mnyama. Migahawa ya barabarani huwasha majiko saa tisa za usiku, na vibanda vya msituni vilivyofungwa mwaka mzima hufuka moshi. Tangu 1963 msimu wa bunduki wa kulungu ulikuwa ukifunguliwa Jumatatu inayofuata sikukuu ya Thanksgiving, na shule nyingi za mashambani zilifungwa siku hiyo, maana walimu na wanafunzi wangekuwa porini. Mwaka 2019 ufunguzi ukasogezwa hadi Jumamosi. Ubishi mmoja tu haujasogezwa: mwindaji arudi pale pale alipozoea kuvizia, au ahame?

Jimboni humo wanaishi pia Watanzania, Wakenya na Wakongo, kwa hiyo ubishi huo unaweza kufanywa kwa Kiswahili bila shida. Nimeutunga hapa kama mjadala wa sauti tatu. Wasemaji ni wa kubuni, lakini misitu, sheria, ugonjwa na tabia za mnyama ni mambo ya kweli.

Mjomba ni mzaliwa wa Tanga, dereva wa malori aliyestaafu, mkazi wa Harrisburg. Kwa miaka mingi amevizia sehemu moja katika Msitu wa Jimbo wa Sproul, juu ya mji mdogo wa Renovo: kibonde kilicho kati ya vilele viwili, mialoni kwa juu, na kwa chini eneo ambalo zamani lilikatwa miti. Misimu ya karibuni amerudi mikono mitupu. Mpwa wake anataka wahamie kusini, kaunti ya Bedford, kwenye mashamba na vijisitu vyenye kulungu wengi. Mkaza mjomba hawindi, ila friza ni yake na sufuria ni zake. Mimi ni mwenyekiti. Hoja iliyo mezani ni moja: mavizio ya Sproul yaachwe.

MPWA: Shikamoo mjomba. Naanza na adabu kwa sababu yanayofuata yatakuudhi. Mheshimiwa mwenyekiti, mavizio ya mjomba yana historia, hayana kulungu. Tunaingia pale alfajiri kabla ya kupambazuka, tunatoka magharibi giza likiwa limeingia, na tunachoona ni kindi na bata mzinga. Risasi tunazisikia kwa wenzetu, mlima wa pili. Tukirudi garini mjomba husimulia habari za dume mwenye pembe za matawi manane aliyemwangusha enzi hizo. Masimulizi ni matamu, lakini mla ni mla leo, mla jana kala nini?

MJOMBA: Marahaba. Methali unazo, nami ninazo: usiache mbachao kwa msala upitao. Kibonde kile sikukipewa na ramani. Asubuhi hewa baridi inashuka kuelekea kijitoni, kwa hiyo nakaa ubavuni, harufu yangu isiwafikie wanaopanda. Jua likishika mlima hewa inageuka na kupanda, nami nahama mti. Upepo wa kusini ukivuma sikai kabisa, narudi zangu. Najua jiwe linaloteleza, najua mahali ambapo kulungu akisimama nyuma yake kuna udongo wa kuzuia risasi, na mahali ambapo nyuma yake kuna njia ya watu. Kulungu akipigwa akakimbia, najua atashukia wapi, na kabla saa moja haijapita nimempata. Huko Bedford nitakuwa kipofu. Mtu asiyejua ardhi hukosea, na anayeumia kwa kosa lake ni mnyama, pengine hata mtu.

MPWA: Hoja ya usalama naiheshimu, sitaigusa. Lakini unasema unawajua kulungu, nao je, hawakujui? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Auburn waliwavisha madume kola za GPS kwenye msitu mmoja wa South Carolina, wakalinganisha nyendo zao na kumbukumbu za wawindaji. Ulingo ukikaliwa leo, madume walikuwa wakiukwepa mchana kwa siku kama tatu. Hiyo ni kwa kukaliwa mara moja. Sisi tunapita njia ile ile, saa ile ile, tunaegesha pikapu mahali pale pale, tena kila siku ya wiki ya kwanza. Kulungu hahitaji kuwa na akili nyingi kuijua ratiba hiyo.

MJOMBA: Na watafiti wa Penn State umewaruka kwa makusudi. Walimvisha kola jike mmoja wa hapa hapa Pennsylvania wakamfuatilia zaidi ya msimu mmoja. Wawindaji wakiingia tu msituni, yeye anakwenda ubavu mmoja wenye mwinamo mkali na kutulia huko. Msimu unaofuata, ubavu ule ule. Huo ni ushahidi wangu. Jike hana tabia ya kuzurura. Anazaliwa, anazaa na kufa ndani ya eneo la kilomita chache za mraba. Binti zake hukaa karibu naye. Wanaohama ni madume vijana, wakifikisha mwaka mmoja na nusu hivi. Sasa ikiwa mnyama mwenyewe ni mwenyeji, mwindaji naye awe mwenyeji. Ukiujua ubavu wa jike yule, una nyama kila mwaka.

MPWA: Ukiujua. Wewe unaujua?

MJOMBA: Nilikuwa naujua.

MWENYEKITI: Hapo mzee amejifunga kidogo, lakini hoja yake inasimama: uaminifu wa kulungu kwa ardhi ni jambo lililothibitishwa. Swali linalobaki ni kwa nini ardhi ile iliacha kuwalipa uaminifu huo. Tuanzie kwenye chakula.

MPWA: Ahsante. Mjomba alipofika kibonde kile mara ya kwanza, chini yake miti ilikuwa imetoka kukatwa. Msitu ukikatwa, jua linagusa ardhi, machipukizi yanajaa, mimea ya miiba inatambaa, na kwa miaka 10 hadi 15 ya mwanzo kulungu anapata chakula na maficho mahali pamoja. Baadaye miti ile inakuwa mirefu, majani yanafungana juu, kivuli kinaua kila kitu chini. Leo ukisimama pale unaona mita mia mbele yako. Nguzo tupu, na chini ni kangaga. Kulungu hali kangaga. Mjomba anasema kibonde hakijabadilika kwa sababu mawe ni yale yale.

MJOMBA: Na kangaga hiyo nani aliileta? Kulungu wenyewe walipokuwa wengi walikula kila chipukizi, wakaacha wasichokitaka, ndipo kangaga ikatawala. Halafu wakubwa wakaamua kulungu wapunguzwe. Wakatoa leseni za majike kama njugu. Msimu wa 2002 hadi 2003 waliuawa kulungu 517,529 katika jimbo hili, rekodi ambayo haijavunjwa. Mimi nilikuwepo. Baada ya hapo milima ya kaskazini ikawa kimya. Tatizo halikuwa kibonde changu, lilikuwa sera.

MPWA: Mjomba, bila sera ile ungekuwa na kulungu wengi waliokonda na msitu usio na mtoto hata mmoja. Hata hao kulungu wa zamani waliletwa na sera. Kufikia mwaka 1900 walikuwa karibu kwisha hapa. Tume ya wanyamapori ya jimbo, Game Commission, iliundwa 1895, na kuanzia 1906 ikawa inanunua kulungu nje na kuwaachia msituni. Wa kwanza walitoka Michigan. Kwa hiyo tusizungumze kana kwamba kuna idadi iliyoandikwa mbinguni. Idadi inapanda na kushuka, na mwindaji anayekaa mahali pamoja anaisubiri imfuate.

MJOMBA: Basi tuzungumzie mialoni iliyo juu. Huko hakuna kangaga.

MPWA: Huko kuna wafu. Aina moja ya nondo ililetwa Massachusetts kutoka Ulaya mwishoni mwa miaka ya 1860 na mtu aliyetaka kujaribu hariri. Nondo wakamtoroka, na kizazi chao bado kinatafuna mialoni ya Marekani. Mlipuko wa 2021 na 2022 uliviacha vilele vingi vya katikati ya Pennsylvania vikiwa uchi mwezi Juni kana kwamba ni Januari. Mwaloni ukinyonyolewa majani mara moja unaweza kupona. Ukinyonyolewa miaka miwili au mitatu mfululizo, mara nyingi hufa. Nenda ukahesabu mingapi imesimama bila gome pale kwako.

MJOMBA: Iliyokufa nimeiona, si kipofu. Lakini iliyobaki pia nimeiona, na hapo ndipo kijana anapohitaji kusikiliza. Mwaloni mweupe hukomaza tunda lake ndani ya msimu mmoja. Mwaloni mwekundu huchukua misimu miwili. Baridi kali ikipiga maua mwezi Mei, mweupe utakosa matunda vuli hiyo hiyo, na mwekundu utakosa vuli ya mwaka unaofuata. Kwa hiyo mwaka mtupu si msiba. Mvuvi wa kwetu Tanga hauachi mwamba kwa sababu leo hakupata changu. Anajua kuna bamvua na kuna maji mafu, anapanga siku yake. Mialoni ina bamvua yake. Wewe umekuja wakati wa maji mafu, umeshika kapu tupu, unatangaza bahari imekufa.

MWENYEKITI: Nakiri hoja hii ina uzito. Kuna mahali palipokufa na kuna mahali palipolala, na kwa mbali vyote viwili vinafanana: mwindaji anakaa, hakuna kinachotokea. Tofauti haionekani kwa kuhesabu misimu mitupu. Inaonekana kwa kutembea na kukagua sababu. Kwa ushahidi tulionao, chakula cha chini ya kibonde kimekufa, kwa kuwa msitu hauwezi kurudi utoto bila kukatwa tena. Chakula cha juu, kile cha mialoni, sehemu kimekufa na sehemu kimelala. Nampa nafasi mkaza mjomba, aliyenyoosha mkono zamani.

MKAZA MJOMBA: Nawasikiliza mnabishania mialoni na kangaga kana kwamba kulungu anapelekwa makumbusho. Anakuja jikoni kwangu. Jike mmoja mzima akishatolewa mifupa ananipa kilo 15 hadi 20 za nyama isiyo na mafuta, nzuri kwa pilau, na ukiichemsha vizuri hata kwa mchuzi wa nazi. Kwetu nyama huulizwa imechinjwaje kabla ya kuulizwa itapikwaje. Mume wangu hutaja jina la Mungu kabla ya kufyatua, na akimkuta mnyama yu hai anamchinja, hapo nimeridhika. Lakini sasa lipo swali la pili, nalo ni afya ya mnyama mwenyewe. Mpwa wangu, huko Bedford unakotupeleka, si ndiko kwenye ugonjwa?

MPWA: Ndiko, mama. Sitakuficha.

MKAZA MJOMBA: Basi waeleze na hawa, maana kwenye kampeni yako hukuutaja.

MPWA: Ni ugonjwa wa kudhoofika unaowapata kulungu na jamaa zao. Ulionekana mara ya kwanza Colorado mwaka 1967, kwa wanyama waliofugwa kwenye kituo cha utafiti. Pennsylvania uligunduliwa 2012, kwanza kwa kulungu wa kufugwa, kisha kwa wa porini katika kaunti za Bedford na Blair. Tangu hapo umejikita zaidi kusini ya kati, Bedford na Fulton zikiongoza. Unaletwa na prioni, protini zilizokunjamana vibaya ambazo huharibu ubongo. Mnyama anaweza kuubeba mwaka mzima na zaidi akionekana mzima, halafu anakonda, anadondosha mate, anakufa. Hauna chanjo wala dawa.

MKAZA MJOMBA: Na moto wa jikoni?

MPWA: Haumalizi prioni. Hata udongoni hukaa miaka. Lakini nimalizie, mama. Mpaka leo hajathibitishwa mtu hata mmoja aliyeupata kwa kula kulungu. Taasisi ya afya ya serikali ya Marekani, CDC, inachoshauri ni kwamba mnyama aliyepatikana nao asiliwe. Ndani ya maeneo ya udhibiti Game Commission imeweka mapipa maalumu: unaweka kichwa, wanapima bure, unasubiri jibu. Hairuhusiwi kutoka na sehemu za hatari kama ubongo na uti wa mgongo nje ya eneo hilo; unachambua nyama kule kule. Kwa hiyo ni kazi ya ziada, si hukumu ya kifo. Na kupunguza idadi ya kulungu ni miongoni mwa njia chache walizonazo za kuuchelewesha ugonjwa. Ukiwinda kule unasaidia.

MKAZA MJOMBA: Wewe unaita kazi ya ziada. Mimi naona nyama imelala kwenye friza, ina karatasi inayosema isubiri, na wageni wamekuja Ijumaa. Nitawaambia nini? Sisemi msiende. Nasema anayehama ahame na mzigo wake wote, asiuache mlangoni kwangu. Kulungu wengi wa Bedford wana gharama ambayo haimo kwenye hesabu yako ya mafuta ya gari na urefu wa safari.

MJOMBA: Umesikia?

MKAZA MJOMBA: Nawe usishangilie, mume wangu. Nyama safi ya Sproul ni ipi, nami friza yangu ina samaki tupu?

MWENYEKITI: Kicheko ukumbini. Mzee, una jibu?

MJOMBA: Ninalo, na ni jambo ambalo sijawahi kumwambia mpwa wangu. Zamani siku ya ufunguzi mlima ule ulikuwa na watu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Pennsylvania ilikuwa na wawindaji zaidi ya milioni 1.2, na hata mimi nilipoanza, baadaye sana, bado walikuwa wengi. Leo hawafiki 900,000. Enzi hizo, kabla ya kupambazuka unaona mwanga wa tochi ubavuni mwote. Saa tatu hivi miguu inaanza kuwaganda, wanasimama, wanatembea, wanatafuta chai. Wakitembea wanawasukuma kulungu, na kulungu wakisukumwa kutoka kijitoni hupita kwenye kibonde, kwa sababu ndiyo njia fupi ya kuvuka kwenda upande wa pili bila kupanda kilele. Mimi kazi yangu ilikuwa kukaa kimya. Sasa wale wazee wamekufa au magoti yamewakataa, watoto wao wamehamia mijini, vibanda vimeuzwa. Mlima umenyamaza. Kulungu anaweza kulala kichakani siku nzima, hakuna wa kumwamsha.

MPWA: Mjomba, umenipa ushindi bila kujua. Kwa maneno yako mwenyewe, kibonde hakikuwa na kulungu, kilikuwa kivuko. Kilichowaleta ni miguu ya watu wengine. Watu wameondoka, kivuko kimebaki bila wasafiri. Utaendelea kukaa kituoni na basi limeshafutwa?

MJOMBA: Nimekupa ukweli, wewe umeuita ushindi. Ni sawa. Lakini ukweli huo huo una upande wa pili. Ikiwa watu wamepungua, basi kulungu waliopo hawajaogopeshwa sana. Wapo mahali fulani Sproul wakila mchana. Kwa nini nikimbilie Bedford, kwenye ugonjwa na kwenye mashamba ya watu ninayopaswa kuomba ruhusa mlango kwa mlango, wakati msitu wa umma wa ekari zaidi ya 300,000 uko wazi?

MPWA: Hapo ndipo tunaweza kukutana. Wapo watafiti walioruka kwa ndege juu ya Sproul hiyo hiyo wakati wa msimu wa bunduki, matokeo yao yakachapishwa 2005. Walikuta wawindaji wengi wakiwa karibu na barabara, na walizidi kupungua kadiri mtu alivyoingia ndani na mwinamo ulivyozidi. Tena wawindaji wenyewe walipoulizwa walidhani wamekwenda mbali kuliko walivyokwenda. Mavizio yetu yako umbali gani kutoka barabarani?

MJOMBA: Mbali.

MPWA: Nimepima kwa simu, mjomba. Si mbali.

MKAZA MJOMBA: Mwacheni mzee avute pumzi. Ila nami nina swali kwake, na ajibu kama mume wangu, si kama msemaji wa upande wa pili. Unakwenda pale kuwinda, au unakwenda kukaa?

MJOMBA: Vyote viwili. Aliyenifundisha kusoma alama za kulungu alikuwa mzee wa hapa hapa, alinikalisha pale mimi nikiwa mgeni nisiyejua hata kuvaa soksi za baridi. Nikikaa pale nakuwa mtu wa mahali. Mwenye kuhama kila mwaka hajui kitu ila kuhama. Leo Bedford, kesho Ohio, keshokutwa anafuata picha za kwenye simu. Huyo hamjui kulungu, anajua tu mahali wenzake walipompatia.

MPWA: Hilo sikubishii. Sitaki tuwe wa kufukuza picha. Nabadilisha pendekezo langu mbele ya mwenyekiti: Bedford naiondoa. Nasema tuhame ndani ya Sproul. Idara ya misitu ya jimbo ina ramani ya mtandaoni inayoonyesha sehemu zilizokatwa miti na sehemu zilizozungushiwa uzio ili machipukizi yakue. Uzio ukitolewa, kulungu huingia kwenye chakula ambacho hakijaguswa kwa miaka. Upo pia mpango wa vibali vya ziada vya majike kwa maeneo maalumu, ulioanza 2003, na misitu ya jimbo huutumia. Tutafute mkato mpya, uliopakana na mialoni iliyo hai, mbali na barabara kwa kiasi ambacho magoti ya mjomba yanakubali, na mimi ndiye nitakayekokota mnyama.

MJOMBA: Na upepo wa huko nani anaujua?

MPWA: Hakuna. Utatufundisha.

MWENYEKITI: Naufunga mjadala na kutoa uamuzi.

Hoja imepita: mavizio ya Sproul yaachwe. Haikupita kwa sababu ya misimu mitupu. Mwindaji anayehama kila anapokosa hatajua kamwe kama ardhi ilikuwa imekufa au imelala, na hoja ya mialoni miwili imetuonyesha kwamba kungoja huwa na maana ikiwa unajua unachokingoja. Imepita kwa sababu kila kilichokuwa kikiwaleta kulungu kwenye kibonde kile sasa kinajulikana, na tukikikagua kimoja kimoja hesabu haimfai mzee. Machipukizi ya chini yamegeuka nguzo na hayatarudi katika umri wake. Mialoni imebaki nusu, na matunda yake yatakuja mwaka huu na kukosekana mwaka ule. Wawindaji waliokuwa wakisukuma wanyama wamekwisha, na hakuna dalili kwamba watarudi. Kibonde kilichokuwa na sababu tatu sasa kina nusu ya sababu moja.

Pendekezo la Bedford nalo limeanguka, na aliyeliangusha ni mkaza mjomba. Wingi wa wanyama ni kipimo kimoja tu. Nyumba isiyo tayari kupeleka kichwa kwenye pipa, kusubiri majibu na kutupa nyama ikibidi, isiwinde katika eneo la ugonjwa. Nyumba iliyo tayari iende, na itakuwa inafanya kazi ya manufaa.

Mjomba ameshindwa kwa kura lakini ameshinda kwa jambo kubwa zaidi. Alichokijenga pale kibondeni hakikuwa mali ya kibonde. Kusoma upepo wa asubuhi, kujua risasi itaishia wapi, kujua mnyama aliyejeruhiwa atashukia wapi: hayo yanahamishika, na kijana mwenye ramani na simu bila hayo ni mtalii mwenye bunduki. Mzee akitaka kukaa kibondeni asubuhi moja kwa ajili ya yule aliyemfundisha, akae kwa raha zake. Asimkalishe mpwa wake pale wiki nzima akitegemea nyama.

Kwa msomaji aliye na mavizio yake, iwe Pennsylvania au kwingineko wanakowindwa kulungu, ushauri ni huu. Usiamue Novemba ukiwa na baridi na hasira. Nenda Februari au Machi, msimu ukiwa umekwisha na theluji ikiwa bado chini, maana wakati huo njia zao, malazi yao na magome waliyosugua kwa pembe vyote vinaonekana, na hutamtisha mnyama uliyekusudia kumvizia. Jiulize ni nini kilichokuwa kinawaleta hapa, kisha kitafute kwa macho. Ukikikuta, baki, na usiwasikilize wanaokucheka. Usipokikuta, hama, uende na ujuzi wako. Uwe umeshaamua kabla ya Juni, leseni za msimu mpya zinapoanza kuuzwa.